Bukta ya Sponji na Guu Lililovunjika

Mwezi uliopita nilikuwa Murusagamba kwa likizo fupi. Siku ya gulio nilijikuta nimesimama mbele ya turubai la muuza mitumba, pamoja na watu wengine kama kumi, wote tukiitazama bukta moja nyeusi. Muuzaji alikuwa amefungua belo asubuhi ile. Ndani yake walikuta makoti mazito ya baridi, suruali zisizopenyeza maji, glovu kubwa kama za mabondia, na hiyo bukta. Kitambaa chake kilikuwa cha kuvutika, kama zile za waendesha baiskeli za mashindano, lakini kwa ndani ilishonewa vipande vya sponji ngumu: viwili nyongani, viwili mapajani, na kimoja chenye umbo la kipepeo nyuma kabisa, mahali pa kukalia.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mama mmoja alisema ni vazi la wazee wasioweza kuzuia haja. Kijana wa bodaboda akasema ni ya golikipa. Mwingine, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuishi mjini, akatangaza kwamba hivyo ndivyo wanavyovaa wanaotaka kuongeza makalio, na watu wakacheka mpaka wa turubai la jirani wakaja kuona. Muuzaji peke yake hakucheka. Alikuwa na swali la kisheria. Shirika la Viwango limepiga marufuku mitumba ya nguo za ndani, naye alitaka kujua kama hiyo huvaliwa ndani ya suruali au juu yake. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma. Hiki ni kitu gani?"

Nilikijua. Ni vazi la watu wanaoteleza kwenye theluji, na niliwahi kulivaa.

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Trondheim, Norwe, wenzangu darasani walinipeleka siku moja kwenye kilima nje ya mji wanikamilishe, kama walivyosema, kwa kunifundisha kuteleza. Walinipa ubao mmoja mpana ambao miguu yote miwili hufungwa juu yake. Kabla ya ubao, walinipa kofia ngumu. Na kabla ya kofia, mmoja wao alinikabidhi bukta ya namna hii na kuniamuru nikaivae chini ya suruali. Nilimuuliza ni ya nini. Akanijibu kwa utulivu wa mtu anayetaja saa ya basi: "Utaanguka."

Hakusema nikianguka. Hakuniuliza kama mimi ni mzembe au makini. Kwa mtu anayejifunza ubao ule, kuanguka ni sehemu ya somo. Miguu ikiwa imefungwa pamoja huwezi kupiga hatua ya kujiokoa; ubao ukikwama, unakaa chini kwa kishindo, na kinachopokea kishindo ni kifandugu, kile kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Nilianguka zaidi ya mara ishirini siku hiyo. Kila mara niliinuka, nikajipangusa theluji, nikacheka. Jioni kilichoniuma kilikuwa kiwiko cha mkono, ambacho sikukivika kitu. Daktari alikitazama, nikalipa ada ndogo, basi. Kwa kuwa nilikuwa nimeruhusiwa kuishi nchini humo kwa zaidi ya mwaka mmoja, nilikuwa mwanachama wa bima ya taifa bila kuomba.

Namna sponji inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mwili unaoanguka lazima usimame mahali fulani. Kinachovunja mfupa ni kule kusimama kwa ghafla, nguvu yote ikitua mahali padogo kwa muda mfupi. Sponji huurefusha muda huo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na huitawanya nguvu kwenye eneo kubwa zaidi. Ndiyo maana si kila sponji inafaa. Ile ya kochi hubonyea mara moja hadi mwisho, na baada ya hapo ni kama haipo. Ya bukta hizi ni nzito na hukataa kubonyea haraka. Wengine wamekwenda mbali zaidi: kampuni ya D3O, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1999, hutengeneza kitu cha rangi ya chungwa ambacho ukikikanda polepole ni laini kama ugali wa moto, lakini kikipigwa ghafla hukakamaa.

Msomaji ataniuliza theluji inatuhusu nini sisi wa Ngara. Swali ni halali. Ubao wa kutelezea kwenye theluji ni mchezo mchanga. Mtangulizi wake alibuniwa Marekani mwaka 1965 na baba mmoja, Sherman Poppen, kwa ajili ya binti zake, na uliingia kwenye Olimpiki mwaka 1998 huko Nagano, Japani. Katika michezo hiyohiyo Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alishindana katika mbio za kilomita 10 za kuteleza na kumaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia na kumkumbatia. Afrika Mashariki ilimkumbuka Boit kwa kukumbatiwa huko. Mimi ninakumbuka kusubiriwa: kwamba wapo watu waliojengewa desturi ya kuona kuwa aliye nyuma kabisa, aliyeangukaanguka njiani, bado yumo mashindanoni.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiwaeleza wale watu wa gulio kwamba bukta hii hushonwa kwa ajili ya watu wanaopanda mlima kwa hiari yao, kwa starehe, wakijua wataanguka, nilitarajia kicheko kingine. Hakikuja. Kijana wa bodaboda aliishika, akaibonyeza sponji ya nyongani kwa kidole gumba, akaniuliza kwa umakini: "Kwa hiyo wao wanavaa hii kwenda kucheza?"

Pembeni yangu alisimama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akiegemea fimbo. Yeye aliibonyeza ile sponji kwa muda mrefu kuliko wengine. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Mjomba, kumbe hiki kitu ulikuwa unakijua."

Sasa sina budi kueleza kwa nini maneno hayo yamenifanya niandike.

Bodaboda ni neno la mpakani. Lilizaliwa Busia, kati ya Kenya na Uganda, kutokana na vijana waliovusha watu na mizigo kwa baiskeli. Sisi wa Ngara, tuliopakana na Burundi na Rwanda, tunalielewa bila kamusi. Vilima vyetu ni virefu, barabara nyingi ni za udongo mwekundu, na mvua ya masika ikinyesha udongo huo huwa kama umepakwa sabuni. Pikipiki ndiyo humbeba mjamzito kwenda kliniki, ndiyo hubeba gunia la maharage, ndiyo hupeleka mikungu ya ndizi barabarani. Serikali ilitambua hali hiyo ilipotunga, mwaka 2010, kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Tangu hapo bodaboda si wahuni wa vichochoroni, ni sekta.

Lakini sekta hii ina mwenye mali ambaye haonekani. Mwenye pikipiki mara nyingi si kijana unayemwona akiiendesha. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni ofisa mtendaji, ni askari, ni mhasibu wa halmashauri. Ni mhadhiri wa chuo kikuu. Ni wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, na ni mimi ninayeuandika.

Mei 2022 nilinunua pikipiki kwa shilingi 2,400,000 na kumkabidhi mpwa wangu kwa mkataba. Mkataba wenyewe niliunakili kutoka kwa mwenzangu kazini, ambaye naye aliunakili kwingine. Angeleta hesabu ya shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 18, kisha chombo kingekuwa chake. Piga hesabu, ndugu msomaji: siku 468 mara 7,000 ni shilingi 3,276,000. Faida yangu ilikuwa 876,000, nami nilijisifu kwenye vikao vya ukoo kwamba nimemsaidia kijana.

Tazama siku yake ilivyokuwa. Safari ya kawaida ilimpa shilingi 1,000. Saba za kwanza zilikuwa zangu. Tatu au nne zilizofuata zilikuwa za petroli, ambayo mwaka huohuo bei yake ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Yake ilianzia safari ya kumi na moja au ya kumi na mbili. Bei ya mafuta ilipopanda, hesabu yangu haikushuka hata senti. Mvua iliponyesha siku nzima na abiria wakakaa majumbani, hesabu haikushuka. Tunapolalamika kwamba vijana hawa wanakimbiza vyombo kama wamerogwa, tujiulize ni nani aliyewapa saa ya kukimbizana nayo.

Aprili 2023, jioni ya mvua, akishuka mteremko na gunia la maharage nyuma, pikipiki ilimteleza. Alidondokea ubavu na kuvunjika nyonga. Alikuwa amevaa kofia yake, nayo ilimwokoa kichwa. Nyonga haikuvaa kitu.

Dada yangu alinipigia simu usiku. Nimelitafakari mara nyingi swali la kwanza lililonitoka kinywani, na sitalipamba. Niliuliza: "Na pikipiki?"

Swali la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilivaa joho la hekima. Nilisema: "Si nilimwambia apunguze mwendo?" Ndivyo tulivyolelewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika methali hiyo mkuu hana hatia kamwe. Amesema, amemaliza, guu likivunjika ni ushahidi kwamba alisema kweli. Hakuna anayeuliza huyo mkuu alimpa asiyesikia njia gani nyingine ya kufika, au alimvalisha nini alipomtuma mteremkoni.

Kilichofuata kinajulikana na kila familia ya Tanzania. Kundi la WhatsApp likaundwa, michango ikaitishwa, ahadi zikazidi pesa. Dada yangu aliuza sehemu ya shamba la migomba. Mfupa uliunga, lakini mguu mmoja umebaki mfupi kidogo kuliko mwenzake. Na mimi, huku nikichangia kama mjomba mwema, nilifuata kipengele cha mkataba kilichosema kwamba mwendeshaji akishindwa kuendelea kwa sababu yoyote ile, chombo kinarudi kwa mwenye mali. Pikipiki ilihitaji taa mpya na madigadi. Ilikuwa barabarani baada ya siku tisa. Juni niliikabidhi kwa kijana mwingine. Mpwa wangu alikuwa ameshanilipa miezi kumi na mmoja, yaani siku 286, sawa na shilingi 2,002,000. Sikumrudishia kitu, kwa kuwa mkataba haukusema. Leo anaziba pancha kando ya gulio.

Nimeupitia upya mfumo wetu wa sheria nikitafuta mahali ambapo mtu kama yeye angedakwa akianguka. Bima ya lazima ya pikipiki ipo. Lakini ile ya kawaida, ya mtu wa tatu, humlinda yule utakayemgonga, wala si wewe uliyedondoka peke yako mteremkoni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ipo, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Ni sheria nzuri: mwajiri ndiye anayechangia, na mfanyakazi akiumia kazini hutibiwa na kulipwa. Lakini neno mwajiri ndilo mlango wake, na mkataba wa bodaboda umeandikwa ili mlango huo usifunguke. Kwenye karatasi mpwa wangu hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa mnunuzi wa pikipiki kwa awamu. Ajabu ni kwamba alipovunjika hakuhesabiwa mnunuzi pia, maana mnunuzi huwa na haki katika kile alichokwisha kukilipia. Alikuwa mnunuzi siku za hesabu, na si kitu chochote siku ya ajali.

Ulikuwepo pia Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa. Mchango wake ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Usingemaliza gharama zote za mfupa wa nyonga, lakini ungepunguza siku za mwanzo ambazo ndizo huuza mashamba. Shilingi 30,000 ni hesabu yangu ya siku zisizofika tano. Sikulifikiria jambo hilo. Katika miezi kumi na mmoja sikulifikiria hata siku moja, ingawa mimi mwenyewe hukatwa bima kwenye mshahara na mwajiri wangu huniongezea.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu, na ni sawa. Ila angalia mzigo wa sharti hilo umebebeshwa nani. Trafiki humsimamisha kijana. Faini humwangukia kijana. Semina ya usalama barabarani humwita kijana, akalishwe chini aambiwe aache uzembe. Sijawahi kuona semina ya wenye pikipiki. Tungejaa ukumbi wa halmashauri na wengine tukasimama nje.

Hapa ndipo ile bukta ilipoanza kunisumbua. Aliyeishona hakuanza na swali la nani mkosaji. Alianza na ukweli kwamba binadamu akiwa juu ya kitu kinachoteleza, ataanguka. Mwanafunzi ataanguka, bingwa ataanguka. Baada ya kulikubali hilo, akauliza ataangukia wapi, kwa mfupa upi, na kitu gani kiwekwe kati ya mfupa na ardhi. Sera zetu nyingi huanzia upande wa pili. Tunahubiri kana kwamba kuanguka ni dhambi, na dhambi ikishatendwa tunamwachia mtenda gharama. Wale wanaoanguka kwa starehe wameshonewa sponji. Wanaoanguka kwa riziki wameshonewa methali.

Nilimweleza rafiki mmoja, mtumishi wa umma mwenye pikipiki nne barabarani, mawazo haya. Alinipa hoja tatu, na nitazijibu kwa kuwa ni za wengi.

Ya kwanza: ukimpa kijana kinga, ataongeza mwendo kwa kujiona salama. Nilimuuliza kama yeye, tangu aanze kufunga mkanda kwenye gari lake, ameacha breki. Kijana wa bodaboda hakimbizi chombo kwa kujiamini. Anakimbizwa na shilingi 7,000 za saa moja usiku. Punguza hesabu wakati wa masika uone kama mwendo hautapungua.

Ya pili: yeye si mwajiri, ni msaidizi, bila yeye vijana wale wangekuwa vijiweni. Huenda ni kweli. Lakini msaada wenye faida ya zaidi ya theluthi moja ya mtaji ndani ya miezi 18 una jina lingine sokoni.

Ya tatu ilikuwa nzito zaidi: hilo ni jukumu la serikali. Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023; tusubiri utekelezaji. Nami naitaka sheria hiyo itekelezwe, na ninaitaka izungumze na aliye kijijini, asiye na hati ya mshahara. Lakini kusubiri ni kitendo chepesi kwa aliyekwisha kuwa na bima. Hata siku bima hiyo itakapofika Murusagamba, itakuja kutibu. Sponji huja kabla. Na kati ya serikali na kijana yupo mtu wa tatu ambaye kila jioni hupokea pesa. Hatuwezi kuruka jina lake kila tunapopanga safu ya wahusika.

Nirudi gulioni. Muuzaji alianzia shilingi 8,000 baada ya kusikia habari za Norwe. Tukamaliza kwa 5,000. Kijana anayeiendesha pikipiki yangu sasa aliivaa wiki moja. Wenzake kijiweni walimpa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Angelivumilia jina, lakini hakuvumilia joto: ni vazi la nchi ya baridi, na mchana wa kiangazi lilimlowesha jasho hadi magotini. Nilipokuwa nikijiandaa kuondoka alikuja na suluhisho ambalo halikunipitia akilini mimi niliyevaa kitu hicho kwenye theluji yenyewe. Alikuwa ameipeleka kwa fundi cherehani. Fundi alifumua vipande vyote vitano, akavishonea mifuko ndani ya suruali nzito ya jinzi, nyongani, mapajani na nyuma, mifuko inayofunguka ili sponji itolewe suruali inapofuliwa. Kile cha nyuma, alisema, kinamsaidia hata asipoanguka, kwa mashimo ya barabara ilivyo.

Nisiikuze suruali hiyo kupita kadiri. Haigusi muundi, ambao ndio huvunjika mara nyingi pikipiki ikimlalia mtu. Haichukui nafasi ya kofia. Na ilipatikana kwa bahati ya belo: mtu fulani Ulaya alisafisha kabati lake, na upepo wa biashara ukaileta hadi hapa. Usalama wa kazi usiotegemea sheria wala mkataba hutegemea kilichomo ndani ya belo, na belo hufungwa kabla hujaliona.

Ndiyo maana nimeuandika upya mkataba wangu, na ninauweka hapa ili mwenye kutaka kuunakili aunakili, kama mimi nilivyounakili ule mbaya. Kofia mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, ni juu ya mwenye pikipiki. Suruali moja iliyoshonewa sponji, pamoja na kinga ya magoti na miundi, ni juu ya mwenye pikipiki. Mchango wa bima ya afya wa kaya ya mwendeshaji ni juu ya mwenye pikipiki. Siku mwendeshaji anapougua au kuumia, hesabu inasimama. Miezi ya mvua kubwa, hesabu inapungua. Na kila shilingi aliyokwisha kulipa ni hisa yake katika chombo; akishindwa kuendelea, chombo kikirudi, hisa inamrudia. Kofia mbili zimenigharimu 70,000. Ukijumlisha bima ya miaka miwili kwa kiwango nilichokitaja, ni 130,000, chini ya sehemu moja ya sita ya faida niliyojipangia.

Kuhusu mpwa wangu, nusu ya hesabu ya kila siku sasa inakwenda kwake mpaka zitimie zile shilingi 2,002,000. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua mpira wa tairi kwa kipande cha msumeno. Hakunishukuru, na hakupaswa. Mtu hashukuru kwa kulipwa deni.

Jioni ile kabla sijaondoka tuliketi nje ya banda lake. Bodaboda zilipita zikielekea mteremkoni, na anga upande wa Burundi lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Akazihesabu zilizokuwa na abiria wasio na kofia, kwa sauti, kama mtoto anavyohesabu mbuzi. Alipofika tisa akanigeukia. "Hizo zote, mjomba," akasema, "zina wenyewe."